Alipimwa Mkono, Kifua na Paja, Jina Halikuandikwa: Stori ya Shemeji wa Mfalme wa Karagwe

Kuna mwanamke mmoja wa Karagwe ambaye dunia inaujua mzunguko wa mkono wake. Sentimita 58. Kifua 132. Paja 79. Kigimbi 51. Urefu ulikadiriwa sentimita 173, yaani alikuwa mrefu kuwazidi wadada wengi unaowafuata Insta. Vipimo hivi vilichapishwa London mwaka 1863 na vimenukuliwa kwenye vitabu mpaka leo. Kitu kimoja tu hakikuandikwa, jina lake.

Stori iko hivi.

Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke aliingia Karagwe akiwa njiani kutafuta chanzo cha Mto Nile, pamoja na mwenzake James Augustus Grant. Ikulu ya Karagwe ilikuwa Bweranyange, na aliyekaa kwenye kiti ni Omukama Rumanika, mtoto wa Ndagara. Siku hizo Karagwe lilikuwa jina la ufalme. Mtu wa Kimuli anajua jinsi hilo jina lilivyozidi kupungua: Kimuli ilihesabiwa Wilaya ya Karagwe mpaka mwaka 2012 ilipokatwa Kyerwa ikawa wilaya yake. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa Kimuli akakwambia "hii ni stori ya kwetu", usibishane naye.

Kabla hajafika, Speke alikuwa ameshapewa umbea. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Kazeh (Tabora ya leo), anaitwa Musa, alimwambia kwamba Karagwe wake wa mfalme na wa wanamfalme wananeneshwa mpaka hawawezi kusimama. Speke akaona ni maneno ya barazani. Alipofika akapelekwa kwa kaka mkubwa wa mfalme, na humo ndani ya nyumba akamkuta mke mkuu amekaa pembeni ya mumewe, mbele yao vyombo vya mbao vimejaa maziwa. Mama hakuinuka kusalimia, na haikuwa dharau. Alikuwa hawezi. Mwenye nyumba wala hakuona aibu, akavionyesha vile vyombo na kueleza kwamba kazi yote hiyo ni ya maziwa: mabinti wanawekewa chombo mdomoni tangu wadogo, kwa sababu ikulu mke mnene ndio fasheni.

Basi bwana, baada ya siku kadhaa Speke akaenda nyumba nyingine, kwa shemeji yake mfalme, mke wa kaka mwingine. Huyu ndiye mwenye vipimo. Yeye alikuwa anaweza kujiinua kwa mikono na magoti tu. Mzungu akataka kumpima, na kwa sababu alijua mama wa watu hatakubali bure, akampa ofa: nikuonyeshe mikono na miguu yangu ilivyo mieupe, na wewe unipe nikupime. Mama akakubali. Tuseme ukweli, hata leo kuna watu wangekubali, mradi waone tu.

Akajisogeza mpaka katikati ya nyumba. Akapimwa mkono, kifua, paja, kigimbi. Balaa likaja kwenye urefu. Speke badala ya kumpima amelala akaamua wamnyanyue. Wakahangaika wote wawili mpaka akasimama kweli, kisha hapo hapo akaanguka chini amezimia. Speke akaandika kwamba damu ilimpanda kichwani.

Hapo mzungu alikosea, na kosa lake ndilo linalofungua stori yote ya tumbo.

Mtu aliyekaa miaka bila kutembea, akisimamishwa ghafla, damu yake haipandi kichwani. Inashuka. Inajaa miguuni, na misuli ya miguu ambayo kazi yake mojawapo ni kuisukuma irudi juu imeshasahau kazi. Ubongo unakosa damu kwa sekunde chache, taa zinazima. Ongeza na hili: tumbo likiwa limeshiba, mwili unapeleka damu nyingi kwenye utumbo ili kusaga na kufyonza chakula, ndio maana hata mzee mzima wa leo anaweza kuona kizunguzungu akinyanyuka haraka baada ya mlo mzito. Sasa huyu mama anakunywa maziwa karibu siku nzima. Kwa hiyo kuna kila sababu ya kuamini kwamba kilichomwangusha ni damu kupungua kichwani.

Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu bila kunyanyuka. Wazima kabisa, hawana ugonjwa. Walipoamka, uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa mazoezi ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye vijana wale wale wakapimwa tena wakiwa watu wazima wenye vitambi vyao, na ikaonekana wiki tatu za kitanda ziliwaumiza kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wiki tatu tu! Shemeji wa Rumanika alikaa miaka mingapi?

Hapa mtaani kuna msemo wa kila siku: ukila ukakaa, chakula hakisagiki, kinaganda tumboni ndio kinageuka kitambi. Utausikia Kariakoo, utausikia stendi ya Kayanga, na mama yako lazima alishakwambia. Wanawake wa Bweranyange ni ushahidi kwamba mambo hayako hivyo. Kama chakula kingekuwa hakisagiki kwa sababu ya kukaa, wale wangekonda. Walikaa, wakanywa, na kila kilichoingia kikasagwa vizuri, kikafyonzwa, kikawekwa akiba mwilini. Tumbo halisubiri ruhusa ya miguu. Maji matupu yanaanza kutoka tumboni dakika chache baada ya kuyanywa. Wali na maharage vinaweza kukaa saa tatu, nne. Maziwa yenye mafuta yako katikati: ni kimiminika lakini yakikutana na asidi ya tumbo yanaganda kama mtindi, na mafuta yake yanauambia utumbo upunguze kasi, kwa hiyo yanatoka polepole lakini yanatoka yote.

Na miili ya wafugaji iko vizuri zaidi kwenye hilo. Watu wengi duniani wakishakua wanapoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, wakinywa kikombe kimoja tumbo linanguruma kama pikipiki bovu. Mwaka 2007 ulitoka utafiti uliochukua damu za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa huku zina badiliko lao la kurithi linalowaruhusu kunywa maziwa utu uzima wote, tofauti na lile la wazungu. Yaani Afrika Mashariki ilijitengenezea lake. Ikulu ya Karagwe ilikuwa ya ukoo wa Wahinda, na utajiri wake ulikuwa ng'ombe.

Kwa hiyo kutembea kunabadilisha nini tumboni? Hili swali ni la zamani mno, na ajabu ni kwamba kila mara limejibiwa juu ya mwili wa mtu asiye na sauti.

Karne ya 13 huko Italia, mtawa mmoja aitwaye Salimbene aliandika kwamba mfalme Frederick II aliwalisha watu wawili chakula kizuri, mmoja akatumwa kulala na mwingine kuwinda, jioni akawapasua matumbo wote wawili aone nani chakula kimesagika zaidi. Madaktari wakasema ni yule aliyelala. Salimbene hakumpenda Frederick hata kidogo, kwa hiyo inawezekana kabisa alimzushia. Ila angalia, hata kwenye uzushi wale wawili hawakupewa majina.

Mwenye jina ni Alexis St. Martin. Huyu alikuwa kijana mbeba mizigo wa wafanyabiashara wa ngozi, na tarehe 6 Juni 1822 alipigwa risasi kwa bahati mbaya kisiwani Mackinac, Marekani. Akapona, lakini ubavuni likabaki tundu linaloingia moja kwa moja tumboni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, akaona hii ni dili. Akamfanya mtumishi wake, na kwa miaka akawa anafunga vipande vya nyama kwenye uzi, anavitumbukiza tumboni, anavitoa, anaandika. Kitabu kikatoka mwaka 1833 kikiwa na majaribio zaidi ya 200. Kuhusu mazoezi, Beaumont alisema kitu ambacho hakijapinduliwa mpaka leo: mazoezi mepesi yanasaidia usagaji wa chakula, kazi ya kuchosha inauchelewesha. Alisema pia kwamba hasira inavuruga tumbo, na alijua, maana aliyekuwa na hasira ni St. Martin mwenyewe. Alipofariki mwaka 1880, familia yake iliacha mwili uoze kwanza ndipo wakazika, ili madaktari wasije wakauchukua. Walikuwa wamechoka kuchunguliwa.

Vipimo vya kisasa vikaja na namba. Mwaka 1974 Mmarekani David Costill na Msweden Bengt Saltin (Saltin huyu alikuwemo pia kwenye ile kazi ya vijana wa Dallas) waliwapa watu vinywaji wakiwa kwenye baiskeli, na wakaona tumbo linaendelea na kazi yake mpaka mazoezi yakifika kama asilimia 70 ya uwezo wa mtu. Kwa lugha ya mtaani: pale unapoanza kushindwa kumaliza sentensi ukiongea. Ukipita hapo tumbo linapunguza spidi, kwa sababu damu imehamia kwenye misuli na mishipa ya fahamu imetangaza hali ya hatari. Mwaka 1989 watafiti wa jeshi la Marekani wakaongeza kipande kilichobaki. Kutembea na kukimbia taratibu kulilifanya tumbo litoe maji haraka kuliko kukaa. Kukimbia kwa kasi kukalichelewesha. Mzee Beaumont alikuwa sahihi na kitundu chake.

Ndio maana ukipiga ugali na nyama kisha ukaenda kucheza ndondo unapata kichomi na kutapika, na ukitembea tu kutoka kituoni mpaka nyumbani unajisikia mwepesi.

Wapagazi wa karne ya 19 hawakuhitaji kusoma utafiti. Misafara ya kutoka pwani iliondoka alfajiri, watu wamebeba mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja, na ilipiga kambi kabla jua la mchana halijakolea. Chakula kikubwa kilipikwa kambini, baada ya mwendo. Hao nao ndio waliombebea Speke futi kamba yake mpaka Bweranyange, na wengi wao hawajulikani hata kwa jina moja.

Sasa rudi kwenye ile nyumba. Kutembea kunaongeza kasi ya tumbo kidogo tu. Kikubwa kinatokea mbele zaidi, baada ya chakula kutoka tumboni na kuingia kwenye damu. Misuli inayofanya kazi inainyonya sukari kutoka kwenye damu yenyewe. Misuli iliyolala haiombi kitu, na mwili wenye adabu zake haumwagi chakula, unakiweka akiba ya mafuta. Mkulima wa Kinyambo aliyekuwa anapanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani alikula shibe yake, tena ndizi na maharage vya kutosha, na akabaki kimbaumbau. Mke wa mwanamfalme alikunywa maziwa na akakatazwa kazi. Tofauti yao kubwa ilikuwa nani anaruhusiwa kunyanyuka.

Neno ni hilo, kuruhusiwa. Unene ule ulikuwa tangazo. Mume aliyeonyesha mke asiyeweza kusimama alikuwa anawaambia wageni: nina ng'ombe wa kutosha kumnywesha, na nina watu wa kutosha kumfanyia kila kitu. Wanaume wenyewe hawakujinenesha. Speke aliwasifia watoto wa kiume wa Rumanika kwa maumbo yao mazuri, vijana wa kuwinda na kutembea. Sheria ya kukaa ilikuwa ya upande mmoja. Leo fasheni imegeuka mara kumi, mwaka huu kiuno cha nyigu, mwakani shepu ya vidonge vinavyouzwa kwenye Insta, lakini swali la nani anafaidika na mwili wa nani liko pale pale.

Kuna kingine kwenye kile kitabu ambacho wengi wanakipita haraka. Wakati mama anapimwa, binti yake wa miaka 16 alikuwa amekaa pale pale na chombo cha maziwa mdomoni. Baba yake alikuwa amesimama na fimbo. Akiacha kunywa, fimbo inafanya kazi.

Fikiria tumbo la huyo binti. Mwishoni mwa miaka ya 1890, mwanafunzi wa udaktari pale Harvard, Walter Cannon, aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei, akawa anaangalia tumbo linavyojikunja na kusukuma. Mara akagundua kwamba paka akiogopa au akikasirika tumbo linasimama kabisa. Akitulia, linaanza tena. Hofu inafanya tumboni kitu kile kile kinachofanywa na mbio za kasi: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, na shughuli ya kusaga inaahirishwa. Binti wa Bweranyange alikuwa amepewa hofu ya mtu anayekimbia bila ruhusa ya kukimbia. Anashushia maziwa juu ya maziwa ambayo huenda bado hayajatoka, na fimbo ndio inayomwambia kama ameshiba.

Speke hakuona shida. Yeye aliona kituko cha kupeleka London, na ndiye huyo huyo aliyewaandikia wasomaji wake kwamba watawala wa huku asili yao ni watu wa Ethiopia, maneno yaliyokuja kuleta maafa makubwa upande wa pili wa Mto Kagera. Januari 1862 akaondoka kwenda Buganda. Grant alibaki nyuma, mguu wake umeoza kwa kidonda juu ya goti, akalala Bweranyange miezi kadhaa akiwa hawezi kutembea, mpaka Aprili alipobebwa kwenye machela kumfuata mwenzake. Kwa hiyo kwa muda fulani ikulu ilikuwa na mwanaume mmoja mgeni ambaye naye hakuweza kusimama. Yeye aliandika kitabu kizima, na jina lake liko kwenye jalada.

Fasheni yenyewe ilihitaji ng'ombe, na ng'ombe waliisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki, na Karagwe haikupona. Wajerumani nao wakaingia. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wahima wa Ankole, kunenesha mabibi harusi kwa maziwa kuliendelea mpaka karne ya 20. Upande huu ndizi, maharage na kahawa ndivyo vilivyobaki kubeba watu, na hivyo havilimwi ukiwa umekaa. Pita Kimuli asubuhi uone akina mama wanavyopandisha vilima na majembe yao.

Yule binti wa miaka 16 ana mstari mmoja zaidi kwenye kitabu. Speke alimtania kidogo, akamwomba asimame wapeane mikono. Baba yupo, fimbo ipo, mama yake ndiyo kwanza amezimia pale chini. Binti akaweka chombo pembeni, akasimama kwa miguu yake mwenyewe, akampa mkono.